Seva ya fayawoli inapata intaneti, kompyuta za ofisi hazipati: msaada wa kutafuta chanzo

Mwanzisha uzi (Kurasini):

Wakuu, salaam. Ninasimamia mtandao wa ofisi ya uwakala wa forodha hapa Kurasini, na ninaomba mawazo yenu kabla ya Jumatatu asubuhi, kwa sababu bila intaneti wenzangu hawawezi kuwasilisha nyaraka za mizigo, na kila siku kontena linapokaa bandarini mwenye mzigo ndiye anayelipa.

Mpangilio wetu ni huu. Rauta ya mtoa huduma ina anwani 192.168.1.1. Nyuma yake kuna seva ya Linux inayofanya kazi ya fayawoli (kuchuja data zinazoingia na kutoka), yenye kadi mbili za mtandao: enp1s0 inatazama nje kwa anwani 192.168.1.2, na enp2s0 inatazama ndani kwa anwani 192.168.10.1. Kompyuta za ofisi zimeunganishwa kwenye swichi iliyo upande wa ndani, na seva hiyohiyo ndiyo inayozigawia anwani kwa DHCP na kujibu maswali yao ya DNS (kugeuza jina la tovuti kuwa namba ya anwani) kwa programu ya Unbound. Haya yote yaliwekwa na fundi aliyenitangulia, na yamefanya kazi vizuri hadi umeme ulipokatika na chaji ya UPS ikaisha. Seva ilipowaka tena, hakuna kompyuta hata moja iliyopata intaneti. Nikiwa kwenye seva yenyewe, ping (ujumbe mfupi wa kujaribu kama anwani inafikika) ya 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google iliyoko intaneti, inajibiwa. Nikiwa kwenye kompyuta ya mtumiaji, ping ya 192.168.10.1 inajibiwa, ila ya 8.8.8.8 haijibiwi. Nianzie wapi?

Mdau wa Tabata:

Mkuu, futa kanuni zote kwa iptables -F (iptables ndiyo programu ya kanuni za fayawoli), kisha jaribu tena. Mtandao ukirudi, utajua kwamba fayawoli ndiyo iliyokuwa ikizuia.

Mdau wa Mwenge:

Mwanzisha uzi, nakusihi usiitekeleze amri hiyo kwanza, na ndugu yangu wa Tabata aniwie radhi nikieleza kwa urefu. Amri ya iptables -F isipotajiwa jedwali (kundi la kanuni) hufuta kanuni za jedwali la filter peke yake. Haigusi jedwali la nat, na wala haibadilishi sera ya msingi ya mnyororo (orodha ya kanuni) wowote, yaani uamuzi unaofuatwa pasipo na kanuni inayolingana. Ikiwa sera ya INPUT (zinazoingia kwenye seva) na ya FORWARD (zinazopita kwenda kwingine) ni DROP, yaani tupa, kama inavyopaswa kuwa kwenye fayawoli iliyowekwa kwa uangalifu, kufuta kanuni kutaondoa ruhusa zote na kuacha katazo likiwa palepale, na ukiwa umeingia kwa SSH (kwa mbali kupitia mtandao) utakuwa umejifungia nje ya seva yako. Ikiwa sera ni ACCEPT, yaani ruhusu, basi umeiacha wazi seva iliyobeba nyaraka za wateja wa watu. Kwa hali zote mbili hutakuwa umejua chanzo, na ushahidi uliokuwa ndani ya kanuni zile utakuwa umeshapotea.

Jambo ambalo ningependa kila anayesimamia seva ya namna hii alishike ni kwamba seva kupata intaneti si ushahidi wowote kuhusu kompyuta zilizo nyuma yake. Pakiti (kipande cha data) inayotoka kwenye seva yenyewe hupita mnyororo wa OUTPUT, na jibu lake huingia kwa INPUT. Pakiti ya mtumiaji haipiti huko kabisa: inaingia kwa enp2s0, inapita FORWARD, inabadilishiwa anwani ya mtumaji kwenye POSTROUTING, kisha inatoka kwa enp1s0, na jibu lake hurudi kwa njia hiyohiyo. Hizi ni njia mbili tofauti ndani ya mashine moja, na moja inaweza kuwa nzima huku nyingine imekatika. Kwa sababu hiyo, badala ya kubahatisha, ifuate pakiti ya mtumiaji tangu inapozaliwa mpaka inapopotea.

Anza kwenye kompyuta ya mtumiaji kwa amri ya ipconfig /all. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta haikupata jibu la DHCP na imejipa anwani yenyewe. Ukiona 192.168.0 au namba nyingine usiyoitambua, inawezekana kuna mtu amechomeka rauta ndogo ya Wi-Fi kwenye swichi, nayo inagawa anwani zake. Hili hutokea mara nyingi katika ofisi zetu, hasa pale mtu anapotaka tu simu yake ishike mtandao. Kwako wewe, kwa kuwa 192.168.10.1 inajibu, naamini anwani iko sawa, lakini hakikisha lango kuu (default gateway) nalo limeandikwa 192.168.10.1.

Kisha piga ping kwa mfuatano: 192.168.10.1, halafu 192.168.1.2, halafu 192.168.1.1, na mwisho 8.8.8.8. Hapa pana mtego unaowapoteza wengi. Anwani ya 192.168.1.2 itajibu hata kama seva haipitishi chochote, kwa kuwa Linux huihesabu anwani kuwa mali ya mashine nzima na wala si ya kadi moja tu. Ombi likishaingia kwa mlango wowote, seva inajijibia. Kwa hiyo jibu la 192.168.1.2 halithibitishi kwamba pakiti imevuka. Mtihani wa kweli wa kwanza ni 192.168.1.1.

Hapo ikigoma, nenda kwenye seva utazame mambo matatu. La kwanza ni cat /proc/sys/net/ipv4/ip_forward. Ikionyesha 0, seva haina ruhusa ya kupitisha pakiti kutoka kadi moja kwenda nyingine, na kanuni za fayawoli hata ziwe nzuri namna gani hazitasaidia. La pili ni iptables -L FORWARD -n -v, na hapo zisome kaunta zilizo upande wa kushoto: acha ping ikiendelea kwenye kompyuta ya mtumiaji, rudia amri, uone ni kanuni ipi kaunta yake inapanda. La tatu ni iptables -t nat -L POSTROUTING -n -v, ukitafuta kanuni ya MASQUERADE au SNAT inayotoka kwa enp1s0 (hizi ni kanuni za NAT, yaani kubadilisha anwani ya mtumaji iwe ya seva). Bila kanuni hiyo, rauta ya mtoa huduma itapokea pakiti yenye anwani ya 192.168.10.55, kwa mfano, haitajua mtandao huo uko wapi, na jibu litaelekezwa nje ambako litaishia kutupwa, kwa kuwa anwani za kundi la 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani na haziendeshwi kwenye intaneti ya wote.

Ukitaka kuondoa shaka yote, fungua madirisha mawili ya SSH, moja uendeshe tcpdump -ni enp2s0 icmp, na jingine tcpdump -ni enp1s0 icmp (tcpdump huonyesha pakiti zinazopita kwenye kadi, na ICMP ndiyo aina ya pakiti za ping), huku kompyuta ya mtumiaji ikipiga ping ya 8.8.8.8. Pakiti ikionekana ndani na isionekane nje, tatizo liko ndani ya seva: ip_forward au FORWARD. Ikionekana nje ikiwa bado na anwani ya 192.168.10, tatizo ni NAT. Ikitoka nje na anwani sahihi ya 192.168.1.2 lakini jibu lisirudi, hapo ndipo una haki ya kumpigia simu mtoa huduma. Na jibu likirudi kwenye enp1s0 bila kuonekana kwenye enp2s0, basi kanuni ya kuruhusu ESTABLISHED na RELATED (majibu ya mazungumzo yaliyokwisha kuanza) haipo, au imewekwa chini ya kanuni ya katazo. Tuletee matokeo.

Mwanzisha uzi (Kurasini):

Ndugu wa Mwenge, Mungu akubariki. Nimefuata kama ulivyoelekeza. Anwani na lango kuu viko sawa. 192.168.1.2 ilijibu, 192.168.1.1 ikagoma, sawasawa na ulivyotahadharisha. ip_forward ilikuwa 0. Kanuni ya MASQUERADE ipo, na FORWARD ina kanuni za ruhusa, isipokuwa kaunta zake zote zilikuwa sifuri.

Nimetekeleza sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1, na papo hapo ping ya 8.8.8.8 ikaanza kujibiwa kwenye kompyuta za ofisi. Hata hivyo, vivinjari bado havifungui tovuti yoyote, na amri ya nslookup (ya kuuliza anwani ya jina la tovuti) inarudisha ujumbe wa kwamba seva imeshindwa. Nimeiwasha upya Unbound, hali ni ileile. Je, ni fayawoli tena?

Mdau wa Mwenge:

Kaunta za sifuri ndizo zilizotoa jibu: pakiti haikuwahi kufika kwenye kanuni zako. Fundi aliyetangulia aliwasha upitishaji kwa sysctl -w bila kuuandika kwenye faili, na kilichowekwa kwa namna hiyo hukaa hadi mashine inapozimwa. Kanuni za iptables yeye alizihifadhi, ndiyo maana hizo zilirudi. Andika sasa mstari net.ipv4.ip_forward=1 kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d/, kisha tekeleza sysctl --system.

Tukija kwenye DNS, sidhani kama ni fayawoli. Fayawoli inapozuia poti 53 (mlango wa DNS) kwa DROP, kompyuta husubiri mpaka muda wa kusubiri uishe bila kupata jibu lolote. Wewe umepata jibu, na jibu lenyewe ni la kushindwa. Maana yake ombi limefika kwa Unbound na Unbound imekataa kulitimiza. Naomba utekeleze amri tatu kwenye seva: date, kisha dig @127.0.0.1 (swali la DNS kwa seva yenyewe) pamoja na jina la tovuti yoyote, kisha dig hiyohiyo ukiiongezea +cd mwishoni.

Mwanzisha uzi (Kurasini):

Saa ya seva imerudi nyuma zaidi ya mwaka mmoja! dig ya kwanza imeleta SERVFAIL. Ile yenye +cd imeleta anwani bila tatizo.

Mdau wa Mwenge:

Basi hilo ndilo. Alama ya +cd inaiambia Unbound isihakiki saini za DNSSEC, ambazo huthibitisha kwamba jibu la DNS ni halisi. Jibu likija kwa +cd na likigoma bila hiyo, njia ya kwenda nje ni nzima na uhakiki ndio unaokwama. Mzizi wa DNS ulitiwa saini Julai 2010, na tangu hapo programu inayohakiki huanzia juu kabisa na kushuka ngazi kwa ngazi. Kila saini ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na zile za mzizi hudumu takribani wiki mbili tu. Seva inayoamini kwamba leo ni mwaka uliopita itaziona saini hizo kuwa bado hazijaanza kutumika, itazikataa, na kwa kuwa imekataa za mzizi, hakuna jina litakalopita, hata la tovuti ambayo yenyewe haijatiwa saini.

Inayofuata ndiyo sehemu inayoumiza zaidi, na ndiyo maana kuwasha upya hakukusaidia. Programu ya kurekebisha saa hutafuta seva za muda kwa majina. Majina hayafunguki kwa sababu saa imepotoka, na saa hainyooki kwa sababu majina hayafunguki. Lazima mkono wa mtu uingilie kati mara moja: weka tarehe na saa sahihi kwa amri ya date -s, iwashe upya Unbound, kisha programu ya saa iachwe iendelee yenyewe. Baada ya hapo fungua kasha la seva ubadilishe betri ndogo ya ubao mama. Kwa mashine nyingi ni ile ya duara ya CR2032, inapatikana Kariakoo na katika maduka mengi ya vifaa vya umeme. Hiyo ndiyo inayoitunza saa umeme unapokosekana, na kwako bila shaka imekufa siku nyingi. UPS ndiyo iliyokuwa ikificha ugonjwa.

Ushauri wa ziada ni kuipa programu ya saa angalau chanzo kimoja cha muda kwa namba ya IP badala ya jina, ili fundo la namna hii lisijifunge tena.

Mdau wa Tegeta:

Nawashukuru kwa uzi huu. Naomba nijielekeze kwenye shida inayofanana na hiyo. Sisi seva yetu ndiyo inayopiga PPPoE (njia ya kujiunga na laini kwa jina na nywila) moja kwa moja kwa mtoa huduma, hakuna rauta katikati. Kompyuta zinapiga ping, majina yanafunguka, baadhi ya tovuti zinafunguka vizuri kabisa, lakini nyingine zinazunguka tu bila mwisho. Nikifungua tovuti hizohizo kutoka kwenye seva, zinafunguka. Mtoa huduma anasema laini yake haina tatizo.

Mdau wa Mwenge:

Ndugu wa Tegeta, mtoa huduma huenda anasema kweli. Mtandao wa Ethernet wa ofisini hubeba pakiti za hadi baiti 1500, ila PPPoE huchukua baiti 8 kwa ajili yake, zikabaki 1492. Seva yako inalijua hilo kwa kuwa laini ya ppp0 ni yake, kwa hiyo inapojiunganisha yenyewe hutangaza ukubwa unaofaa. Kompyuta iliyo nyuma yake haijui. Inatangaza ukubwa wa Ethernet, na tovuti ya mbali inatuma pakiti kubwa zisizoruhusiwa kukatwa. Pakiti hizo zikifika kwenye upenyo wa baiti 1492, kifaa kilichopo hapo hupaswa kurudisha ujumbe wa ICMP aina ya 3, msimbo 4, unaosema pakiti ni kubwa mno. Tovuti ambayo msimamizi wake ameizuia ICMP yote kwa kudhani ni usalama haitaupata ujumbe huo, na itaendelea kutuma kilekile kisichopita. Salamu za mwanzo ni pakiti ndogo, zinapita. Ukurasa wenyewe ni pakiti kubwa, haupiti. Ndiyo maana unaona inazunguka.

Thibitisha kwenye kompyuta ya Windows kwa ping -f -l 1472 8.8.8.8, kisha badilisha 1472 iwe 1464. Ya kwanza ikigoma na ya pili ikipita, umepata jibu, kwa kuwa 1464 ukijumlisha baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP ni 1492 kamili. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye seva:

iptables -t mangle -A FORWARD -o ppp0 -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu

Mstari huo unairekebisha salamu ya kwanza ya kila muunganisho wa TCP unaotoka kwa ppp0, ili tovuti ya mbali itume pakiti za ukubwa unaopita. Nami nikuombe, kwenye kanuni zako usiizuie ICMP yote. Yule aliyeizuia upande wa pili ndiye anayekutesa wewe leo.

Mdau wa Tabata:

Nimekuelewa, mkuu, na nashukuru kwa maelezo kuhusu iptables -F. Nina swali moja. Kwenye seva moja ya mteja wangu pale Ubungo tuliongeza Docker (programu ya kuendesha mifumo mingine ndani ya seva, kila mmoja umetengwa) kwa ajili ya mfumo wa stoo, na tangu siku hiyo kompyuta hazitoki nje, ingawa ip_forward ni 1. Je, vina uhusiano?

Mdau wa Mwenge:

Vina uhusiano mkubwa. Docker huandika kanuni zake ndani ya FORWARD, na inapowaka ikikuta upitishaji umezimwa, huuwasha yenyewe na papo hapo kuigeuza sera ya FORWARD kuwa DROP. Kwa seva ya kawaida ni kinga nzuri, ila kwa seva ambayo ndiyo lango la ofisi ni kufunga mlango. Usipambane nayo kwa kurudisha sera kuwa ACCEPT. Kuna mnyororo uitwao DOCKER-USER, ambao Docker huusoma kabla ya kanuni zake na haiufuti. Weka humo kanuni mbili, moja ya kuruhusu kadi ya ndani kwenda kadi ya nje, na nyingine ya kuruhusu ESTABLISHED na RELATED ili majibu yarudi. Ukiweka ya kwanza ukasahau ya pili, tcpdump itakuonyesha lile nililoeleza juu: jibu linafika enp1s0, na enp2s0 kimya.

Mdau wa Tegeta:

1472 imegoma, 1464 imepita. Nimeweka mstari ule na tovuti zote zimefunguka. Nauliza la mwisho: tutatofautishaje shida hizi na zile za nyaya za baharini, kama ilivyotokea Mei 2024?

Mdau wa Mwenge:

Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, athari ilionekana kwenye seva zenyewe, siyo kwenye kompyuta za nyuma peke yake. Seva ikiteseka sawa na kompyuta, tazama nje. Seva ikiwa nzima na kompyuta zikiteseka, tazama ndani. Vilevile weka pembeni anwani mbili za kujaribia, moja ya huduma iliyopo hapa nchini na nyingine ya ng'ambo. Watoa huduma wengi wetu hubadilishana data za ndani kupitia kituo cha TIX hapa Dar es Salaam, kwa hiyo huduma iliyopo nchini inaweza kujibu haraka wakati ya ng'ambo inasuasua, na hapo unajua kwamba kanuni zako hazina kosa na hupaswi kuzigusa.

Mwanzisha uzi (Kurasini):

Ndugu zangu, natoa mrejesho. Betri ya ubao mama imebadilishwa, saa imenyooka, Unbound inajibu bila +cd, na mstari wa ip_forward umo kwenye faili yake. Jioni hii, watumiaji wakiwa wameshaondoka, nimeizima seva kabisa, nikachomoa na waya wake wa umeme ukutani, kisha nikaiwasha bila kugusa chochote. Kompyuta ya majaribio imepata anwani, imepiga ping, na imefungua mfumo wa forodha. Nimechapisha pia nakala ya iptables-save na kuiweka kwenye faili la ofisi pamoja na maelezo ya kila kanuni inafanya nini, ili atakayekuja baada yangu asikute giza.

Mdau wa Mwenge:

Vizuri sana. Kwenye faili hilo ongeza matokeo ya amri ya ip route na ya ip addr ya leo, yakiwa na tarehe, kwa sababu siku kadi ya mtandao itakapobadilishwa jina la enp1s0 linaweza kubadilika, na kanuni zote zinazoitaja kwa jina zitaacha kulingana na pakiti yoyote bila kutoa onyo.